Rangi ya Kucha kwenye Bolti ya Tano

Tarehe 4 Novemba

Daftari hili binti yangu Joëlle alinunuliwa kwa ajili ya jiografia. Aliandika kurasa tatu, akachora Afrika bila Madagaska, akaliacha. Nitalimaliza mimi. Nitaandika humu kazi zangu za gereji, kwa sababu katika uwanja ule mtu asipoandika atasingiziwa.

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo mchana. Bati la banda linavuja palepale pa kila mwaka, juu ya meza ya vifaa. Nimemwambia patroni, mwenye gereji, naye amesema "tutaona", kama alivyosema mwaka jana.

Tarehe 6 Novemba

Barnabé ameingia saa nne na kamyo, lori kubwa linalopeleka unga Kakanda. Hakunisalimu. Mwaka wa tatu huu tuko pamoja kwa Patroni Mukendi, yeye dereva, mimi fundi, na salamu zake nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Siku nilipoajiriwa alimwambia patroni mbele yangu: "Muke aguse motere yangu? Mukono ya muke inapaswa kunuka kitunguu." Patroni alicheka. Mimi sikucheka na sijasahau.

Leo amesimama mlangoni pa banda, kofia mkononi, akaongea na ukuta.

"Motere iko nanuka mazutu. Iko nalowana ku enjektere."

"Enjektere gani, Papa Barnabé?"

"Weye njo fundi. Angaria."

Na huyu ndiye kiongozi wa shirika letu la sala mtaani. Kila Jumapili jioni anatusomea Injili kwa sauti ya kubembeleza.

Tarehe 7 Novemba

Kamyo hii ina enjektere sita, zimesimama mstari juu ya motere, injini yake, kila moja inapuliza mazutu, yaani dizeli, kwenye silinda yake. Pakilowana hapo, mafundi wa barabarani wanasema enjektere imekufa, wanakuuzia nyingine. Wezi. Kwanza ujue kinachovuja ni nini. Mazutu ni mepesi, ukiyasugua kati ya vidole yanateleza, na harufu yake haifichiki. Oili ni nzito, ya kahawia, inashuka kutoka kwenye jointi ya kifuniko cha juu. Ukikuta kitu cheusi, kigumu kama lami, huo ni moshi wa ndani unaopenya chini ya enjektere, maana rondeli ya shaba, ile pete bapa ya kuzibia, imechoka.

Nimefanya kama baba alivyonifundisha. Nimeosha motere kwa petroli na brashi, nimeikausha kwa hewa, kisha nimenyunyiza poda ya watoto kuzunguka enjektere zote sita. Barnabé akauambia ukuta wake: "Sasa anaiogesha." Nikawasha, nikangoja dakika kumi. Kwenye namba mbili poda ikalowa ikawa kama karatasi ya maandazi: mazutu, nati ya bomba imelegea. Kwenye namba nne poda ikaruka, ikabaki tundu jeusi, na ukitega sikio unasikia tss, tss, tss. Rondeli hiyo.

Nilimwita aone. Alitazama, akavaa kofia, akaenda kukaa ndani ya kamyo.

Tarehe 8 Novemba

Mji mzima umekaa juu ya shaba. Malori ya shaba yanapita mbele ya lango letu tangu asubuhi mpaka jua linazama. Na rondeli sita za shaba zenye unene unaotakiwa hazipo Likasi, nimezunguka soko lote na viatu vimejaa tope. Kuna nene, kuna nyembamba. Enjektere ikikaa juu kidogo au chini kidogo inapuliza pasipo pake. Basi nitapasha moto za zamani.

Tarehe 9 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimetoa enjektere zote. Rondeli ya shaba ikishakandamizwa inakuwa ngumu, haikamati tena. Ukiipasha mpaka iwe nyekundu, ukaitumbukiza majini, inalainika kama mpya. Nimeanza na sita kubwa, zile za chini ya enjektere. Kisha nikaanza ndogo kumi na mbili za bomba la kurudishia, lile jembamba linalopita ndani, chini ya kifuniko, kupeleka tangini mazutu yaliyobaki. Lina bolti sita, kila bolti na rondeli mbili. Nilipomaliza ya kumi, gesi ikaisha.

Barnabé alikuwa amesimama juu ya kichwa changu tangu saa mbili, anafyonza kila dakika tano. "Kakanda banangojea bunga, Mama. Bantu banakulaka, habangojee rondeli." Zile mbili za mwisho nimezipiga msasa nikazifunga vilevile. Bomba la kurudishia halina presha, si kitu.

Kila bolti niliyofunga nimeitia mstari wa rangi yangu ya kucha, nyekundu, nusu juu ya bolti, nusu juu ya chuma. Mtu akiigusa, mstari unakatika na mimi najua. Kifuniko nacho nimekitia. Patroni anapenda sana jambo hili, anawaambia wageni wake: "Kintu Mama Hélène amefunga, amefunga."

Nimerudia poda. Kavu zote sita. Nimeweka oili mpya, na kama baba, nimedondosha tone moja hapa pembeni mwa ukurasa. Ni zuri, la rangi ya asali, limekaa mahali pake.

Tarehe 12 Novemba

Poda kavu. Barnabé hakusema asante, wala sikuingoja.

Tarehe 26 Novemba

Germaine, mke wa Barnabé, ameniletea bakuli la bowa, ule uyoga mkubwa wa njia ya Kapolowe. Tunaimba sauti moja kanisani. Sijui mwanamke mwema kiasi kile alimpata wapi mume yule. Tumekula na bukari, ugali wetu, Joëlle akalamba sahani.

Tarehe 2 Desemba

Mvua.

Tarehe 7 Desemba

Patroni ameniita pembeni. Kila Jumamosi, siku ya posho, anapima tangi la kamyo kwa kijiti, na anaona mazutu yanaisha upesi kuliko safari. Si mengi, lita mbili tatu kwa juma, lakini kila juma. Ameniuliza kama motere inavuja. Nimefungua boneti mbele yake. Kavu kabisa, alama zangu nzima.

"Basi iko naenda wapi?" ameuliza.

Nimemtazama tu Barnabé aliyekuwa ananawa miguu bombani. Patroni naye akamtazama.

Tarehe 14 Desemba

Nimebadilisha oili. Imetoka nyingi kuliko niliyoweka, karibu bidoni mbili za lita tano zaidi, nyepesi kama chai. Yule mzee anaongeza kila anaposimama, anadhani motere ni ng'ombe wa kunyweshwa. Nimemwambia, oili ikipita alama inaharibu motere. Amejibu: "Sikuongeza hata tone." Mwongo, na mbele ya uso wangu.

Tone la leo liko hapa. Limezungukwa na duara la mafuta mepesi. Karatasi za siku hizi ni mbaya, zinanyonya kila kitu.

Tarehe 25 Desemba

Barnabé amesoma somo la kwanza misani. Sauti nzuri, lazima niseme. Nilikaa nikiwaza kwamba sauti ile ile ndiyo inayouza mazutu yetu.

Tarehe 3 Januari

Carlos, dereva wa kamyo ndogo, amemwona Barnabé njia ya Kapolowe anaongea na kadhafi. Ndivyo tunavyowaita wanaouza mafuta kwa jerikani kando ya barabara. Carlos amemwambia patroni, patroni ameniambia mimi. Nimesema: "Ah." Ilitosha.

Tarehe 9 Januari

Oili iko juu ya alama tena. Sikusema naye, nimechoka kusema. Tone la leo limejaa pembe nzima ya ukurasa.

Tarehe 10 Januari

Ukurasa huu umelowa mafuta ya jana, kalamu inateleza. Naandika hivyohivyo.

Patroni ametuita wote ofisini saa tatu. Mvua ilipiga bati mpaka watu wakawa wanapayuka. Barnabé alisimama katikati, kofia mkononi, kama yuko kanisani.

"Papa Barnabé," patroni akasema, "kila posho napima tangi, kila posho iko napunguka. Mazutu yangu iko naenda wapi?"

"Sijue, Patroni. Mu kamyo. Haiendi mu jerikani yangu."

"Na ule kadhafi wa Kapolowe?"

"Ule ni mutoto ya dada yangu. Nilimusalimia."

Carlos akakohoa. Patroni akanigeukia. "Mama Hélène, weye njo fundi. Motere iko navuja?"

Nikasimama. Siku hii niliingoja miaka mitatu, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nikajibu taratibu, ili kila mtu asikie. "Patroni, poda yangu iko kavu. Alama zangu zote nzima, hata moja haikukatika. Mazutu haina mabawa."

Watu wakacheka. Barnabé hakuongea na ukuta safari hii, alinigeukia mimi. "Tangu huyu mama aguse motere, mazutu iko naisha na oili iko napanda. Minye siiongezi. Iko napanda yenyewe. Mufungule ile kifuniko, muangarie ndani."

"Oili iko napanda yenyewe?" nikasema. "Iko na mimba?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Patroni alifuta machozi kwa kitambaa. Hata mlinzi dirishani alicheka, na hakusikia kilichosemwa. Barnabé akangoja mpaka watu wakanyamaza. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani, moja moja, ya mlango, ya tangi, ya kuwashia. Ana miaka hamsini na minane.

Alipopita karibu nami alisema polepole: "Siku moja utaifungula weye mwenyewe."

Nimerudi bandani nikafanya kazi vizuri kuliko siku nyingi. Nilikuwa na furaha, nisijidanganye.

Tarehe 15 Januari

Jana shirika limekutana nyumbani kwa Léon, msaidizi wa Barnabé. Barnabé hakuja. Léon ameongoza sala, akasema kiongozi wetu "amepumzishwa". Kila mtu alijua. Germaine alikaa mwisho wa benchi, hakuimba. Nilipompa mkono wa amani alitazama mkono wangu, akashika kitenge chake.

Tarehe 18 Januari

Nimekuta bakuli langu mlangoni, lile nililompelekea Germaine na maharage ndani. Maharage yamo bado, yameoza.

Tarehe 22 Januari

Carlos anaendesha kamyo kubwa sasa. Ananisalimu asubuhi, ananisalimu jioni, ananiita "Mama Injinia". Uwanja umekuwa mahali pa kuishi.

Tarehe 27 Januari

Posho. Patroni amepima tangi. Yamepungua tena, lita tatu.

Amekaa juu ya tairi akamtazama Carlos muda mrefu. Nami nikamtazama. Inawezekana hawa madereva wote ni ukoo mmoja.

Tarehe 1 Februari

Mvua siku tatu mfululizo. Barabara ya Kakanda imekatika pahali. Nimebadilisha oili. Imetoka nyingi tena. Nimemuuliza Carlos kama anaongeza. Ameshangaa: "Mama, hii kamyo hainywake oili. Tangu niishike, kazi yake ni kupanda tu."

Nimefunga mkebe wa oili chafu. Nimeosha mikono mara mbili. Sijataka kuandika zaidi.

Tarehe 12 Februari

Carlos amesema taa ya oili inawaka-inazima akipanda mlima wa Kakanda na mzigo, motere ikiwa moto. Nimevuta kijiti cha kupimia. Vidole viwili juu ya alama, na oili ina siku kumi na moja tu. Nimeisugua vidoleni. Imeteleza kama maji. Nimeinusa.

Nimemwambia patroni kamyo isitoke. Ameuliza kwa nini. Nimesema kesho.

Tarehe 13 Februari

Nimemtuma Carlos nyumbani, nikabaki peke yangu bandani. Kwanza nimefungua daftari hili nyuma. Tone la 9 Novemba halina duara. La 14 Desemba lina duara. La 9 Januari limepenya karatasi mpaka ukurasa wa pili, chini ya maneno yangu yote ya siku ile ofisini. Oili peke yake inakaa pale ilipodondoka. Mazutu ndiyo yanayotembea. Baba alinifundisha tone kwa ajili hiyo hasa, na mimi nimelaumu karatasi.

Nimekata alama za kifuniko kwa kisu, nimekifungua. Ndani kote kumelowa, ndivyo inavyokuwa, oili inarukaruka humo, macho hayasaidii na poda haisaidii. Nimeziba mwisho wa bomba la kurudishia, nimefunga pompi ya gereji upande wa pili, nimepaka povu la sabuni ya kufulia kwenye kila bolti. Nikapiga pompi. Ya kwanza kimya. Ya pili, ya tatu, ya nne kimya. Kwenye ya tano povu likavimba, likawa kipovu, kikapasuka, kikavimba kingine. Ya sita kimya.

Ya tano, niliyoifunga mwisho, ndiyo niliyoitia zile rondeli mbili nilizopiga msasa. Ngumu, hazikukamata. Kila safari mazutu yalikuwa yanadondoka ndani, tone baada ya tone, kuingia kwenye oili. Na nje kavu, safi kabisa, ya kumwonyesha patroni.

Mstari wa rangi yangu juu yake ni mzima. Umeng'aa kama siku nilipouchora. Hakuna aliyeigusa bolti ile ila mimi.

Nimekaa juu ya tairi. Nimejiambia aliniharakisha, alisimama kichwani pangu akifyonza, angeniacha ningetafuta gesi. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini msasa hakuushika yeye. Naye alitwambia wote ifunguliwe, kwa maneno ya kawaida kabisa, na mimi nikaitia mimba oili yake watu wacheke.

Tarehe 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu. Nimerudisha kifuniko bila kukitia alama. Nimemwambia patroni nangoja kipuri.

Tarehe 15 Februari

Gesi ipo. Rondeli mbili, dakika kumi za kazi. Nikizipasha, nikafunga, mazutu yataacha kuisha na hakuna mtu atakayejua kamwe. Carlos atasifiwa. Patroni atasema: unaona, tulimfukuza mwizi, mambo yametulia.

Tarehe 16 Februari

Sijafanya.

Tarehe 17 Februari

Nilikuwa natoka soko la juu kwa miguu, mvua nyembamba inanyesha. Kwenye mwinuko nikamwona mtu anasukuma baiskeli ya makala, makaa ya kupikia, magunia matano, mawili kila upande, lingine limefungwa juu ya usukani. Amelalia mzigo kwa bega, anapiga hatua moja, anapumzika, anapiga nyingine. Njia ya Kapolowe hiyo, siku mbili kwa kusukuma. Kofia ndiyo niliyoijua kwanza.

Gurudumu la nyuma likaingia kwenye shimo. Nikaweka kikapu chini, nikashika gunia kwa nyuma nikasukuma. Baiskeli ikatoka. Akageuka.

"Tosha mukono," akasema.

"Papa Barnabé, nina neno la..."

"Tosha mukono ku makala yangu. Banaweza kupotea, halafu banauliza nani alikuwa hapa."

Nikatoa mkono. Akaendelea kupanda. Watu walisimama kando ya njia wakatutazama, na mimi nilikuwa na makala viganjani. Sikuwahi kumchukia kama pale, na sikuwahi kujua vizuri kama pale kwamba ana haki.

Nimepitia kwa patroni moja kwa moja nikamwambia aite watu posho ijayo, wote waliokuwa ofisini siku ile, na shirika letu, na Barnabé. Ameuliza ni nini. Nimesema nitafungua motere.

Tarehe 25 Februari

Naandika leo ya jana, kwa sababu ukurasa wa jana haupo.

Walikuja wengi, hata waliokuwa hawajaitwa. Mvua ilikuwa imepumzika. Shirika walikaa kwenye matairi, Carlos alisimama mbali, patroni kwenye kiti chake. Barnabé alikuja na baiskeli tupu, akaiegemeza ukutani, akabaki karibu nayo kama mtu ambaye hatakaa.

Nilifungua kifuniko. Nikawaeleza kwa kifupi bomba lile linafanya nini. Pompi ya gereji nilikuwa nimeiacha makusudi kabatini. Nikasema: "Naomba pompi ya baiskeli. Watu wasiseme yangu ina ujanja."

Barnabé hakusogea. Germaine akainuka, akaichomoa kwenye baiskeli ya mumewe, akaja nayo. Hakunipa mkononi. Aliiweka chini, kwenye tope, mbele ya miguu yangu. Nikainama nikaiokota.

Nilimwomba Léon apake povu yeye, na Carlos apige pompi. Watu wakasogea. Moja kimya, mbili kimya, tatu, nne. Kwenye ya tano kipovu kikatoka, mama mmoja wa shirika akasema "kumbe".

"Ile rangi nyekundu munaijua," nikawaambia. "Ni yangu. Angalieni kama imekatika. Haikukatika. Hii bolti nilifunga mimi, tarehe tisa Novemba, na rondeli mbili sikuzipasha moto. Mazutu haikuibiwa. Iliingia ndani ya oili, ndiyo maana oili ilipanda. Papa Barnabé alituambia. Mimi nilimcheka, nikawafanya na ninyi mumcheke. Mwizi wa mazutu ya patroni alikuwa mkono wangu. Papa Barnabé, nakuomba musamaha."

Patroni alitazama viatu vyake. Barnabé alikuja mpaka kwenye motere, akainama, akatazama bolti ya tano muda mrefu. Kisha akanitazama.

"Musamaha utaomba kwa padri," akasema. "Minye nataka karatasi. Unaandikaka mu ile daftari yako kila siku, tunakuonaka. Basi andika."

Nikaleta daftari. Nikaandika nikiwa nimesimama, juu ya boneti, mbele ya watu wote: Barnabé hakuiba. Rondeli mbili za bolti ya tano sikuzipasha moto. Kosa ni la Hélène, fundi. Aliisoma midomo ikicheza. Akasema: "Ongeza: nilimucheka." Nikaongeza. Akaishika ile karatasi, akaichana polepole kwa kufuata ukingo, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, ule wa upande wa moyo anamoweka rozari. Patroni akainuka na zile funguo tatu mkononi. Barnabé alimfanya angoje mpaka alipofunga kifungo cha mfuko, ndipo akazipokea.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Germaine alipita bila kunitazama. Yeye, Barnabé, hakuondoka. Alivuta tairi, akakaa mbele ya meza yangu.

"Pasha," akasema.

Nikawasha gesi. Kila rondeli niliyoitumbukiza majini aliihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Ilipofika ya kumi akanyamaza, akanitazama machoni, akangoja. Nikapasha ya kumi na moja. Nikapasha ya kumi na mbili. Akaihesabu hiyo kwa sauti kubwa kuliko zote.

Nikafunga bolti zote sita, nikajaribu na povu, kimya. Nikachukua kifuniko nikitaka kufunika.

"Na rangi?" akauliza.

"Sitaki tena ile rangi, Papa. Imenitosha."

"Tia."

"Itasaidia nini?"

"Itanisaidia minye. Ikivuja tena nataka nijue naenda ku nyumba ya nani."

Nikatoa chupa mfukoni. Mstari wa tano ulitoka umepinda. Aliutazama mpaka ukakauka, kisha akapanda kamyo akaiwasha.

Tarehe 9 Machi

Mvua zimepungua. Tangi halijapungua. Oili iko kwenye alama, tone la leo liko hapa chini, halina duara. Barnabé ameingia saa tano kutoka Kakanda, amefungua boneti mwenyewe, amesogea pembeni kunipisha. Hajanisalimu.